Konzi Tatu za Mkaguzi wa Majani

Mkaguzi hakuwahi kuushika mpira wa kikapu hata siku moja, na ndiye aliyeamua nani ataucheza. Ukimrushia, aliuacha umpite ubingirike mpaka mtaroni, kisha akasimama mikono nyuma akimngoja mwenye mpira aje kuufuata. Ukimuuliza kwa nini, alisema mkono wake ni wa majani.

Na kweli ulikuwa wa majani. Kazi yake katika shamba letu la chai, upande wa Kericho, ilikuwa kusimama mwisho wa mistari wachumaji walipoleta vikapu vyao, na kuyapitisha majani au kuyakataa. Hakumwaga kikapu kizima. Aliuzamisha mkono mpaka kiwiko, macho yake yakiangalia milima ya mbali, akatoa konzi moja, akaitandaza juu ya gunia. Majani mawili na chipukizi yalikwenda upande huu, jani gumu upande ule. Katikati aliweka jani lililolala, yaani lile ambalo chipukizi lake limesinzia, halikui wala halifi. Kwa konzi hiyo moja alikihukumu kikapu kizima, na mama aliyechuma tangu umande wa asubuhi alisimama mbele yake akimeza mate. Nilimwona akikataa kikapu cha mke wake mwenyewe. Mke wake alikibeba, akakimwaga pembeni, akakaa chini kuchambua bila neno. Majirani walisema wiki ile Mkaguzi alijipikia.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Wazungu wengine walikuwa wamekwenda na wengine wamebaki, na meneja wetu alikuwa amebaki. Hakupenda mpira wa kikapu. Alichochukia zaidi ni meneja wa shamba la ng'ambo ya mto, ambaye timu yake ilikuwa imeichukua ngao ya mashamba mara nyingi mpaka wakaacha kuifanyia sherehe. Waliitoa ukutani siku ya mashindano, wakaipangusa vumbi, wakairudisha. Jambo hilo lilimnyima meneja wetu usingizi. Akafikiri, akaona kwamba kiwanda hakijawahi kurudisha hata gari moja la majani yaliyopita mkononi mwa Mkaguzi. Basi anayejua kuchagua majani atajua kuchagua watu. Hakuna aliyeipinga hoja hiyo, kwa sababu aliyeitoa alikuwa meneja.

Kiwanja chenyewe kiliteremka, kwa kuwa Kericho hakuna kisichoteremka. Timu iliyoshambulia kwenda juu ilihema, na iliyoshambulia kwenda chini iliufuata mpira mpaka ndani ya chai. Fundi wa kiwanda alikuwa ametengeneza ringi mbili kutoka kwa pete za mapipa, na kwa vile mapipa hayakuwa ya aina moja, ringi ya juu ilikuwa pana kuliko ya chini. Mkaguzi alilijua hilo. Mtu akifunga kwenye ile pana, Mkaguzi hakupiga makofi. Alisema hata ndama angefunga pale.

Nahodha wa timu alikuwa mwalimu wa shule ya shamba, tulimwita Mwalimu tu, na alikuwa na kitabu cha sheria za mchezo alichokifunika kwa gazeti. Yeye na Mkaguzi walibishana miaka yote. Mwalimu alitaka wachezaji wapimwe kwa mabao waliyofunga, pasi walizotoa, makosa waliyofanya. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema:

"Mwalimu, wewe unaangalia mpira. Watu wote wanaangalia mpira. Sasa nani anaangalia mtu?"

"Lakini mzee, mchezo ni mpira."

"Mpira haina tabia. Ukiipiga inaenda. Mimi nataka kuona tabia."

Na ili aione tabia alikuja na fito. Wachumaji wana fito ndefu wanayoilaza juu ya michai waone usawa wake, na kinachochomoza juu ya fito ndicho kinachochumwa. Mkaguzi aliwasimamisha vibarua wawili kando ya kiwanja, mmoja huku na mmoja kule, wakaishika fito hiyo kimo cha gadi anapoinama. Gadi ni yule mfupi anayeudunda mpira kutoka nyuma na kuwagawia warefu. Mkaguzi alichuchumaa upande wa pili, jicho moja limefumbwa. Gadi akipita mbio na kichwa chake kikapanda juu ya fito, kikashuka, kikapanda tena, Mkaguzi alisema huyo anarukaruka bure na atachoka kabla ya mapumziko. Kichwa kikienda sawa, alinyamaza, na kunyamaza kwake tulikuhesabu kuwa sifa. Nacheka ninapoandika haya, lakini sitasema uongo, waliorukaruka walichoka kabla ya mapumziko.

Kila mgeni aliyetaka timu alipewa mechi tatu za kirafiki kabla ya mashindano kuanza. Tatu tu. Mkaguzi aliziita konzi tatu, na baada ya hapo alitoa hukumu, na hukumu yake haikukatiwa rufaa.

Hukumu zenyewe zilikuwa vituko. Kulikuwa na kijana mmoja wa Chepseon aliyefunga mabao karibu yote ya mechi zake tatu, hata kwenye ringi nyembamba. Watu walishambeba mabegani. Mkaguzi akamkataa. "Huyo amekomaa yote," alisema. "Hii ndiyo siku yake mzuri. Kesho atakuwa hii hii, na kesho kutwa hii hii." Kijana akavuka mto, akachukuliwa na shamba la jirani, akawashindia ngao misimu miwili. Mwalimu alikimbia na habari hiyo mpaka kwenye mizani ya majani. Mkaguzi hakutikisika. "Si nilisema atabaki hii hii? Amebaki."

Mwingine alichaguliwa kwa jinsi alivyosimama kwenye foleni ya chakula bila kusukuma na bila kusukumwa. Mwingine tena, mrefu, hakuwa amekuja kucheza hata kidogo. Alikuwa anatafuta ng'ombe wake aliyepotea, akakatiza kiwanja katikati ya mechi, akainama chini ya ringi ili isimgonge kichwa, akaendelea na safari. Mkaguzi alimtuma mtu amfuate. Yule bwana alituchezea misimu mitatu, akiwa mrukaji bora tuliyewahi kuwa naye, na ng'ombe wake alipatikana Roret.

Mkaguzi alikuwa mzee wa kanisa pia, na huko hakuuacha mkono wake nyumbani. Mhubiri mgeni alipopanda mimbarini, Mkaguzi alimpa sentensi tatu. Zikimridhisha, aliegemea nyuma na kuvuka miguu. Zisipomridhisha, aliichukua kofia yake polepole akatoka nje kuangalia hali ya hewa. Wahubiri walikuja kumjua, na wengine walikuwa wanaanza mahubiri wakiiangalia kofia. Lakini mtu huyo huyo alipotaka kununua ng'ombe alikwenda kumtazama mara saba. Alipotaka viatu alikwenda dukani Roret mwezi mzima, akavivaa, akatembea navyo mpaka mlangoni, akavivua, akarudi kwake na vile vya zamani. Nilimuuliza mbona mtu anampima kwa mechi tatu na kiatu anakipima kwa mwezi. Akanitazama kama mtu anayehurumia.

"Kiatu nitatembea nayo mimi," alisema.

Sasa niseme nilivyoingia mikononi mwake. Nilitoka Kisii, nikiwa nimecheza gadi katika shule ya misheni, na nilijiona hodari. Mkwe wangu hakuniona hodari. Alikuwa amemtoa binti yake Kemunto kwangu kwa shingo upande, akisema mtu asiye na kazi inayojulikana atamlaza mtoto wake njaa. Nikaja shamba la chai nikitafuta kazi ya kujulikana.

Wageni wa majaribio walilala kambi ya juu, kwenye nyumba za sakafu ya saruji, kila mtu na chumba chake. Mkaguzi akikupitisha, chumba kinakuwa chako na kazi yako inakuwa ya kiwandani, ndani, pakavu. Akikukataa, unateremka kambi ya chini, wanaume wanne chumba kimoja, na asubuhi unajifunga gunia kiunoni kuingia katika chai iliyolowa umande. Kambi ya chini mke haletwi.

Mimi nilikuwa nimeshamleta, na kosa hilo lilikuwa langu mwenyewe. Usiku wa kwanza kwenye sakafu ile ya saruji ulinilevya. Kulipokucha nilimwandikia Kemunto barua kwamba nimepita, kwa sababu nilijiona nimepita. Barua zangu nyingine zote zilichelewa au zilipotea. Hiyo ilifika. Kabla mechi ya kwanza haijachezwa Kemunto akatokea mlangoni na mzigo kichwani, akiwa amechoka na anacheka, akaniambia baba yake ameshasimama kanisani kutangaza kuwa mkwewe ni mtu wa kiwanda. Nilimpokea mzigo. Sikumwambia kitu. Nilijiambia mechi tatu zikiisha hakutakuwa na la kumwambia.

Mechi ya kwanza tulikwenda Roret kucheza na walimu. Nilianza vizuri. Niliudunda mpira kwa mkono wa kulia, nikaubadilisha kushoto, watu wakanong'ona. Kisha mtu mmoja mnene akanijia mbele na mikono yake miwili juu, nikaogopa, nikautupa mpira kwa mtu wa karibu. Mtu wa karibu alikuwa refa. Refa aliudaka, akautazama, akanirudishia kwa huruma, jambo ambalo Mwalimu alisema halimo katika kitabu. Nikautupa tena. Safari hiyo niliutupa mahali pasipo na mtu kabisa.

Mechi ya pili ilikuwa na wafanyabiashara wa Chepseon, hapa kwetu. Mpira ulinijia, nikataka kumpa yule wa ng'ombe, mkono ukateleza, mpira ukapaa juu ya vichwa vya watu wote ukaingia ndani ya ringi nyembamba bila kugusa chuma. Uwanja ulilipuka. Nilinyanyua mikono. Nilimtafuta Mkaguzi kwa macho, nikamkuta amechuchumaa nyuma ya fito yake akiangalia miguu yangu.

Ya tatu ilikuwa na timu ya Ndanai, hapa kwetu tena, na hata nusu ya mchezo haikuisha. Yeyote aliyekaa Kericho anaijua mvua ya mawe ya alasiri. Anga lilikuwa jeupe, mara likawa jeusi, mara vipande vya barafu vikubwa kama punje za mahindi vikaanza kutupiga. Wachezaji wakakimbilia chini ya paa la kiwanda, refa akajifunika kwa meza ya wazee. Mimi nilikuwa na mpira. Nikalala juu yake. Sijui kwa nini. Nadhani niliona ni kitu pekee katika mechi zile ambacho nilikuwa nimekishika. Mawe yalinipiga mgongoni mpaka yakanyamaza, nikainuka, na uwanja mzima mweupe ukawa unanitazama mimi na mpira. Mkaguzi peke yake hakuwa amekimbia. Alisimama kando na kofia yake, barafu imejaa kwenye ukingo wake.

Siku ya hukumu tulipangwa mbele ya chumba cha kunyaushia majani, wageni watano. Meneja alikuwepo, Mwalimu alikuwepo, wachumaji walikuwa wamejaa kwenye ukuta. Wawili walipita. Wawili wakateremka kambi ya chini, na mmoja wao alilia. Nilibaki mimi. Nilimwona Kemunto nyuma ya akina mama, amejifunga kitambaa chake cha kanisani.

Mkaguzi aliangalia milima.

"Huyu amelala," alisema.

Meneja aliyajua maneno machache ya Kiswahili, na hayo aliyatumia kwa nguvu. "Lala? Yeye choka?"

"Hapana, bwana. Ni kama ile jani ya kulala. Ndani iko mzuri. Haijaamka."

"Sisi tupa yeye?"

"Ukitupa hutajua. Ngoja aamke."

Kila mchumaji aliyesimama ukutani pale alijua jani lililolala hufanywa nini. Huvunjwa na kutupwa, tena upesi, ili mti uamke. Hiyo ndiyo kanuni aliyowafundisha Mkaguzi mwenyewe, na aliwahi kuwarudisha watu nyumbani kwa kuisahau. Nilimwona Mwalimu akifungua mdomo. Mkaguzi akageuka, akamtazama, na Mwalimu akaufunga. Meneja akasema "basi", akaandika, na chumba cha saruji kikawa chetu.

Nikalala misimu minne. Sina neno jingine. Nilipewa jezi, nilipewa kazi kwenye mashine za kukausha chai, na kila Jumamosi nilikaa kwenye benchi nikingoja kuamka. Mazoezi sikuyaacha. Asubuhi kabla ya zamu nilikimbia kati ya mistari ya chai nikiinama ili kichwa changu kiende sawa, nikiudunda mpira kwenye njia ya matope, na Kemunto akiniuliza ninachokitafuta huko nilimwambia nakaribia. Niliamini. Nataka hilo lieleweke, maana wengine walidhani mimi na Mkaguzi tuna njama. Kila asubuhi niliusikiliza mwili wangu kama kuna kitu kinachochipuka.

Kila msimu meneja aliuliza kama nimeamka, na kila msimu Mkaguzi alikuwa na jibu jipya. Msimu wa kwanza alisema ni baridi ya Julai. Wa pili alisema mti ukipogolewa hukaa miezi ukiwa mkavu kabisa, mtu asiyejua akadhani umekufa, na mimi nimetoka kwetu juzi tu, ni sawa na kupogolewa. Hoja hiyo ilimtia Mwalimu kichaa, kwa sababu ni Mkaguzi huyo huyo aliyesema konzi moja inatosha.

"Mzee, chagua moja," Mwalimu alimwambia. "Ama mtu anajulikana kwa mechi tatu, ama anangojewa miaka. Haiwezi kuwa zote."

"Inaweza," Mkaguzi alimjibu. "Inategemea mtu."

Msimu wa tatu niliingizwa uwanjani dakika chache tu, tukiwa tumeshashindwa vibaya. Nilimpa adui pasi mbili, safi kabisa, mkononi. Nilirudi benchi nikitaka ardhi inimeze. Mkaguzi akasimama mbele ya meneja akiwa na uso mkavu. "Umeona? Amegeuka upande wa pili. Mtu anageuka kabla ya kuamka."

Meneja yule akaondoka, akaja mwingine, Mwafrika mwenzetu, msomi, akaipitia orodha akauliza huyu gadi asiyecheza ni wa nini. Kufikia hapo nilikuwa nimezijua mashine za kukausha. Nilisikia kwa sauti tu moto ukizidi au ukipungua, na fundi mkuu alikataa nihamishwe. Basi hata swali hilo likapita. Timu yenyewe haikudumu. Mtu mmoja aliuweka mpira juu kwenye sakafu ya kunyaushia majani ukauke baada ya mvua, ukabingirika, ukashuka na majani kwenye tundu lao ukaingia kwenye mashine ya kusaga. Tulisikia mlio mmoja tu. Tulitafuta vipande, tukapata vichache, vingine tukavikosa, na chai ya siku ile iliandikiwa barua ya sifa na wanunuzi. Shamba likaagiza mpira mwingine, ukaja wa miguu. Tukacheza huo.

Mkaguzi akastaafu, akaenda kwake nje ya Roret, penye michai yake mwenyewe na ng'ombe wawili. Sisi tukakaa. Watoto wakazaliwa kwenye chumba kile cha saruji, na mkwe wangu alikuja kutembea akakaa siku nne akiwaeleza majirani habari za kiwanda nilichokuwa nakifanyia kazi mimi. Lakini jambo moja halikuniacha. Nilikuwa nimeshapita umri wa kucheza na bado sikujua kama ningeamka. Kuna siku nilisimama mbele ya mashine nikajiuliza kama ningefanya mazoezi zaidi kidogo, mwaka mmoja tu zaidi, ingekuwaje. Inachekesha, mtu mzima mwenye watoto. Mimi haikunichekesha.

Mara ya mwisho kukaa na Mkaguzi, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nilikwenda kumwona asubuhi ya siku yangu ya mapumziko. Mke wake alinielekeza kituo cha kununulia majani, hapo barabarani. Nilimkuta kwenye mstari pamoja na wakulima wengine, gunia lake miguuni, kofia ile ile.

"Chamgei, mzee," nilimsalimu kwa lugha ya kwao.

"Chamgei mising. Gadi, umekuja." Hakushangaa. "Ngoja kwanza, naingia kwa mizani."

Karani alikuwa msichana, hajamaliza hata miaka miwili tangu atoke shule. Alizamisha mkono kwenye gunia la Mkaguzi, akatoa konzi, akaitandaza. Akatikisa kichwa.

"Mzee, hii iko na magumu mengi. Enda uchambue, halafu urudi."

Nilitaka kumwambia ni nani aliyesimama mbele yake. Mkaguzi akanishika mkono. Alibeba gunia lake, akalimwaga juu ya turubai pembeni, akakaa chini, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. "Ametoa konzi mzuri," alisema. "Kutoka chini kabisa. Wengi wanatoa ya juu." Kisha akainama. Macho yalikuwa yamechoka, vidole vilikuwa vile vile. Nikakaa upande wa pili tukachambua pamoja.

Tulizungumza habari za watu. Kisha nikasema:

"Mzee, niko na swali ya siku mingi. Ile maneno ya kulala. Mimi ningeamka lini?"

Aliendelea kuchambua.

"Wewe hungeamka," alisema.

Mikono yangu ilisimama. Yeye hakusimama.

"Ile mechi ya kwanza nilijua. Ulikuwa unaogopa mpira. Wakati ilikuwa mbali unaipenda, ikikaa kwa mkono unaogopa. Hiyo haiponi. Ya pili nilijua tena. Ya tatu nilikuja tu kwa sababu ni sheria."

"Na ukaniweka miaka minne."

"Ndiyo."

"Kila asubuhi nakimbia kwa matope, mzee. Nangojea."

"Nilikuwa nakuona."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nilitaka kuinuka nimwachie majani yake magumu. Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu ilitoka kubwa, karani akageuka kututazama.

"Siku moja mbele ya kutangaza nilikuja kwako," alisema. "Nilitaka kukuambia pole pole, usisikie mbele ya watu. Ulikuwa umeenda mazoezi. Bibi yako akaniona kwa mlango, akafikiri nimekuja na habari mzuri. Akasema, karibu baba, keti. Nikaketi. Nikawa natafuta maneno ya kumwambia. Nikasikia kuku inalia huko nyuma."

Sikujua habari ya kuku. Yaani niliijua kwa namna nyingine. Kemunto alikuja na kuku mmoja katika ule mzigo wake, tulipanga awe wa kuanzia mji wetu, na siku moja niliporudi kutoka mazoezini aliniambia ameliwa na kicheche. Nilikwenda kukitafuta hicho kicheche na fimbo.

"Akaniletea firigisi," Mkaguzi alisema. "Peke yake, katikati ya sahani. Akasimama hapo ananiangalia nikikula. Nimekataa vikapu ya watu wangapi, Gadi? Hata ya mke wangu. Lakini nikishakula hiyo, nimwambie huyo mama ateremke kambi ya chini na mdomo gani? Nikamwambia asante. Nikamwambia asikuambie nilikuja, ukijua utaacha mazoezi, na ukiacha, meneja ataona."

Mbele yetu fungu la majani mazuri lilikuwa limekua. Niliwaza watoto wangu, niliwaza mkwe wangu akijisifu kwa majirani, na Kemunto aliyenitazama nikienda matopeni miaka minne bila kucheka hata mara moja. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sikujua tena niielekeze wapi.

Mkaguzi alipangusa vidole vyake kwenye suruali, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tukae.

"Iko kitu moja imenisumbua," alisema. "Firigisi ni ya mwenye nyumba. Ilikuwa yako, na mimi nikaimaliza. Hiyo sikufanya vizuri. Nisamehe."

Nilimwambia nimemsamehe. Nikainamia majani yake nikaendelea kuchambua mpaka yule msichana akatuita tena kwenye mizani.